Tunduma: Jumbo, Kimondo na Gunia la Dada

Msafiri aingiaye Tunduma kwa mara ya kwanza huusikia mji kabla ya kuuona. Breki za malori hupumua kama ng'ombe waliochoka, makondakta huita abiria wa Mbeya na wa Sumbawanga, na wabadilishaji fedha hupita wakitajataja bei ya kwacha kwa sauti ya mtu anayesali. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya kukata zaidi ya kilomita 900, hapa ndipo inapokoma kuwa yetu na kuwa ya Zambia. Ng'ambo mji huitwa Nakonde, lakini mgeni akitembea sokoni bila kuuliza hawezi kusema ni duka lipi lililo la mwisho katika Tanzania na lipi lililo la kwanza katika Zambia. Mama mmoja huuza nyanya huku. Dada yake, hatua thelathini mbele, huuza nyanya hizohizo katika nchi nyingine.

Tangu Januari 2016 Tunduma haimo tena katika Mkoa wa Mbeya. Imo katika Mkoa wa Songwe, wenye wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na makao makuu yake yako Vwawa. Wakazi wa zamani bado husahau, na ukiwauliza watokako hujibu Mbeya, kisha hujirekebisha.

Nilikuwa huko mwezi Januari kwa shughuli ya kifamilia. Dada yangu mkubwa ameolewa katika kijiji kimoja cha Mbozi, na mwanawe alikuwa akienda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Dada alinituma mjini pamoja na mpwa wangu huyo, kijana wa miaka kumi na mitatu, akatupa kazi mbili: kununua godoro, ndoo na sanduku la bati, na kuulizia bei ya mahindi. Mavuno yake ya mwaka uliopita alikuwa ameyahifadhi ndani hadi siku hiyo, akiyangoja hayo mahitaji ya shule na mbolea ya kukuzia.

Mtoto aliyefaulu mtihani ana ugonjwa wa kusoma kila kitu. Mpwa wangu alisoma vibao vya maduka, akasoma namba za malori, akasoma maandishi ya nyuma ya bajaji. Tulipofika katika duka la jumla alinyamaza kitambo, kisha akanivuta mkono.

"Mjomba, Jumbo ni nani?"

Nikatazama alikoelekeza. Neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi nene kwenye katoni ya biskuti, na tena kwenye furushi la mifuko ya nailoni, na tena kwenye pakiti ya viberiti. Muuza duka akajibu kabla yangu, kwamba Jumbo si mtu; ni Kiingereza, maana yake "kubwa kabisa", na akaongeza kuwa katoni ile ina faida kwa mnunuzi.

"Basi ni jumba," mpwa wangu akasema. "Nyumba ikiwa kubwa ni jumba. Wazungu wamechukua kwetu."

Nilicheka, lakini sikuwa na haki ya kucheka. Kosa la kijana huyo limefanywa na watu wazima wenye miwani na kamusi. Na kwa kuwa fundi wa sanduku alitutaka tungoje saa nzima, tukaingia katika mkahawa ulio karibu na reli, tukaagiza chai na chapati, nikamweleza niliyoyajua. Maadam neno hili limo katika kila duka la mijini, huenda na msomaji wetu ameulizwa na mwanawe.

Jumbo alikuwa tembo. Alizaliwa karibu na mwaka 1860 katika nchi kavu iliyo mpakani mwa Sudan na Uhabeshi, na akiwa bado ananyonya wawindaji wakamuua mama yake na kumchukua yeye. Alisafirishwa kwa miguu jangwani, kisha kwa meli, akauzwa kwa mfanyabiashara wa wanyama, akafikishwa katika bustani ya wanyama ya Paris. Huko hakuthaminiwa. Mwaka 1865 Wafaransa walimtoa kwa bustani ya wanyama ya London, wao wakapewa kifaru. Alifika London akiwa mdogo, mchafu na mgonjwa. Mtunzaji wake, Matthew Scott, alilala naye na kumwuguza kama mwana.

Kisha akakua. Akakua mpaka akawapita tembo wote ambao Waingereza walikuwa wamewaona. Kwa miaka 16 na zaidi alibeba mgongoni watoto wa London, maelfu kwa maelfu, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa ukoo wa kifalme. Mchana alikuwa mpole. Usiku, akiwa peke yake bandani, alivunja meno yake ukutani kwa hasira, na wakubwa wa bustani wakaanza kuogopa kwamba siku moja atapandwa na wazimu mbele ya watoto. Ndipo mwaka 1882 walipomwuza kwa Mmarekani mwenye sarakasi, P. T. Barnum, kwa pauni 2,000.

Uingereza nzima ililia. Watoto wa shule walimwandikia barua Malkia Victoria. Tembo mwenyewe alilala chini barabarani akakataa kwenda, na hakuondoka mpaka Scott alipokubali kufuatana naye. Barnum hakuchukizwa na kelele hizo hata kidogo. Kila barua ya mtoto ilikuwa tangazo asilolilipia. Jumbo alipoteremka New York mwezi Aprili 1882, jina lake lilikuwa tayari limebandikwa kwenye bidhaa nyingi, kama lilivyobandikwa leo kwenye viberiti vya Tunduma. Tangu hapo kila kikubwa kikaitwa jumbo. Ndege ya Boeing 747, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969, ikaitwa hivyo na dunia nzima. Na wazee wetu waliokwenda kuangalia ndege viwanjani waliitamka "Jambo" bila kuona taabu. Ya mwisho ya aina hiyo ilitoka kiwandani ikakabidhiwa kwa wenyewe Januari 2023.

"Kwa hiyo jina lake alipewa na wawindaji," kijana akasema.

La. Hapo ndipo penye fundo. Vitabu vingi husema kwamba jina hilo ni Kiswahili, ama "jambo", ama "jumbe" kwa maana ya mtawala wa mji. Natamani ingekuwa hivyo. Kila Mswahili angependa kuona neno lake limepanda ndege. Lakini tembo huyu alikamatwa na watu wasemao Kiarabu, mbali mno na pwani yetu, akapita Paris, na dalili zote zinaonyesha kwamba jina alipewa London. Tena Waingereza walikuwa nalo tayari. Kamusi moja ya lugha ya mitaani iliyochapishwa London mwaka 1823 inalo neno "jumbo", na maana yake ni mtu mzito, mnene, asiye na wepesi. Hiyo ni miaka karibu arobaini kabla tembo hajazaliwa.

Na neno hilo la mitaani walilitoa wapi? Wengi wanaelekea Afrika ya Magharibi. Mwingereza Francis Moore, aliyekaa mto Gambia, alichapisha mwaka 1738 habari za kinyago cha Wamandinka alichokiandika kuwa "Mumbo Jumbo": mtu aliyevaa vazi la magome, mrefu wa kutisha, aliyetokea usiku kijijini kuamua ugomvi wa wake na waume, na kwa kawaida mke ndiye aliyechapwa. Mungo Park naye akakieleza tena mwaka 1799. Waingereza wakalichukua jina hilo, nusu yake ya kwanza pamoja na ya pili wakaifanya kuwa maneno ya upuuzi yasiyo na maana, na nusu ya pili peke yake huenda ndiyo iliyokuwa jina la jitu zito. Wengine wametaja neno "nzamba" la Kikongo, kwamba ni tembo. Kwa upande wangu naona kinyago kina ushahidi zaidi, ingawa sitagombana na mtu.

Dereva mmoja wa lori kutoka Zambia, aliyekuwa amekaa meza ya pili akingojea karatasi zake, alikuwa amesikiliza hadithi yetu yote. Akasema kwao Kibemba tembo ni "insofu". Nikamwambia kwetu ni ndovu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyekutana na binamu. Hakika neno hilo moja limetembea kuliko Jumbo: kwa Wachewa ni njovu, kwa Waganda ni njovu, kwa Wazulu ni indlovu, na hakuna aliyehitaji meli kulisafirisha. Dereva akatuaga, akasema akirudi Ndola atawauliza wanawe kama wanamjua Jumbo ni nani.

Mpwa wangu alitaka kujua tembo alikufaje. Nilisita, maana gari moshi la mizigo lilikuwa likipita polepole nje ya mkahawa. Ilikuwa hivi. Tarehe 15 Septemba 1885, katika mji wa St. Thomas, jimbo la Ontario nchini Kanada, sarakasi ilikuwa imemalizika usiku, na tembo walikuwa wakirudishwa kwenye mabehewa yao kwa kufuata njia ya reli. Waliobaki nyuma walikuwa wawili, Jumbo na tembo mdogo. Gari moshi la mizigo likatokea ambalo hakuna aliyelitazamia. Tembo mdogo alivunjika mguu. Jumbo alikufa palepale, Scott akiwa ubavuni pake. Hakuwa mzee. Alikuwa na miaka ipatayo 24 tu, umri ambao tembo dume bado hajamaliza kukua. Wataalamu waliochunguza mifupa yake katika miaka yetu hii waliona meno yaliyoharibika kwa kulishwa vyakula laini na viungo vilivyochakaa kama vya kikongwe.

Lakini lililonikaa moyoni mimi ni lile lililofanywa baadaye. Maisha yake yote Barnum alitangaza kwamba Jumbo ana kimo cha karibu mita nne, na hakupenda watu waje na kamba ya kupimia. Alipokufa ilikadiriwa kimo chake kuwa mita 3 na robo hivi. Ni tembo mkubwa, lakini si mlima. Basi Barnum akawaagiza mafundi, akina Henry Ward na kijana Carl Akeley, waivute ngozi kadiri itakavyovutika, mnyama aonekane mkubwa awezavyo. Wakaivuta juu ya kiunzi cha mbao. Jumbo aliyekufa akawa mrefu kuliko Jumbo aliyekuwa hai, akazungushwa mijini kwa miaka mingine, kiingilio kikilipwa. Mifupa ilikwenda New York katika jumba la makumbusho. Ngozi iliyojazwa ilipewa Chuo Kikuu cha Tufts, ikateketea kwa moto mwaka 1975, mwaka uleule ambao mafundi walimaliza kutandika reli yetu ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi. Majivu yaliyookotwa yaliwekwa katika kopo la siagi ya karanga.

"Kopo dogo?" aliuliza.

Nikamwonyesha kwa mikono. Akalitazama kopo la sukari lililokuwa mezani kwa muda mrefu.

Kesho yake, tukiwa njiani kurudi kijijini na godoro letu, tulichepuka kwenda Ndolezi kukiona kimondo. Mtu akikaa Songwe akazungumza habari za ukubwa bila kwenda pale, amefanya kosa. Kimekaa katika mlima wa Marengi, jiwe jeusi la rangi ya sufuria kongwe, refu kama mita 3, kimo chake kama mita 1, lakini sehemu kubwa ya uzito wake haionekani kwa macho, kwa kuwa si jiwe bali ni chuma: asilimia 90 chuma, karibu asilimia 9 nikeli, na kidogo shaba. Lilianguka kutoka angani zamani hizo ambazo hazina shahidi. Shimo lililochimbwa na anguko lake lilikwisha jaa na kufutika kabisa, na wenyeji walilijua vizazi vingi kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kulitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930. Wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa. Wakachimba handaki kulizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake. Upande wake mwembamba una mapengo yaliyofanywa na watu waliotaka kuondoka na kipande cha mbingu mfukoni. Nasikitika kusema kwamba nilimwona mgeni mmoja akiujaribu ufunguo wake pale. Kimondo hakikujali.

Mpwa wangu akauliza swali ambalo mimi, katika ziara zangu tatu, sikupata kuliuliza: kina uzito gani, na alikipima nani? Mtembeza wageni akajibu tani 16. Nikakumbuka kwamba vitabu nilivyosoma shuleni viliandika tani 12. Kimondo hakikunenepa. Hakuna aliyewahi kukipandisha kwenye mizani. Wataalamu walipima urefu, upana na kimo, wakakisia, na kukisia kukabadilika kadiri vipimo vilivyosahihishwa. Alau hao walikisia kwa nia njema, na chuma chenyewe hakina mkulima.

Tulipofika nyumbani tulikuta mnunuzi uani.

Hapana budi nieleze hali ilivyokuwa. Dada alikuwa ametenga debe 60 za mahindi ya kuuza, makavu, yaliyopepetwa, na hesabu yake ilikuwa katika daftari lenye jalada lililochanika. Debe sita hujaza gunia moja, nalo huwa na uzito wa kilo mia hivi. Kwa hiyo dada alikuwa na magunia 10. Alikwisha kuyagawa kichwani: haya ya shule, haya ya mbolea, hili la deni la dawa.

Mnunuzi, kijana mwenye adabu, alimwamkia dada shikamoo mara mbili, akatoa magunia yake mwenyewe. Yalikuwa magunia ya kawaida, ila kila moja lilikuwa limeshonewa mdomoni kipande cha gunia jingine, kama shati lililoongezewa ukosi. Makuli wake walijaza debe sita, gunia likafika mdomo. Wakatia ya saba. Wakalitikisa, wakalidunda chini, wakashindilia kwa mikono, wakatia nusu ya nane. Kisha shazia na kamba vikapita juu, na gunia likasimama na kilemba chake. Hiyo ndiyo lumbesa, ndugu msomaji. Wengine husema rumbesa. Huko Mbozi na Ileje hakuna haja ya kuieleza, lakini mjini wapo wanaodhani ni jina la ngoma.

Debe 60 zikigawanywa kwa 7 na nusu ni magunia 8. Mawili hayakuibwa na mtu aliyekuja usiku. Yalipotea mchana, mbele ya mwenye mali, mkulima akishukuriwa.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na wenye Wakala wa Vipimo wamelitangaza jambo hili mara nyingi: mazao yauzwe kwa mizani, na kifungashio kisizidi kilo 100. Viongozi wa wilaya huikemea lumbesa kila msimu. Kinachoifanya ipone ni mambo mawili mepesi. Kwanza, bei hutajwa kwa gunia, si kwa kilo, na gunia halisemi lina nini ndani. Pili, mizani iko mbali na mahitaji yako karibu.

Dada yangu hakupiga kelele. Alilizunguka lile gunia la kwanza, akaligusa shingoni.

"Mwanangu," akamwambia, "gunia lina mdomo. Kilichopita mdomo si gunia."

"Mama, gunia ni gunia," akajibu kijana kwa upole. "Kijiji kizima wanatupa hivi. Nikinunua kwako tofauti, wenzako watasemaje?"

Hapo ndipo mpwa wangu alipoingilia, jambo ambalo si desturi mtoto kulifanya mbele ya wakubwa. Alisema Tunduma tuliambiwa bei ya kilo. Ilikuwa kweli, tulikuwa tumeuliza katika maghala mawili, na yote mawili yalitaja kilo, na mizani ilikuwa mlangoni. Mnunuzi akatabasamu, akasema Tunduma ni Tunduma, nauli ya kufikisha mahindi huko ataitoa nani? Swali hilo lilikuwa la haki, na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Barabara ya kijiji wakati wa masika haiendeki ila kwa lori la mtu mwenye nguvu. Dada akamkatalia hata hivyo. Makuli wakaifungua ile lumbesa, wakarudisha mahindi, wakaenda nyumba ya pili. Kufikia jioni tuliyahesabu magunia yenye vilemba juu ya lori lake: 31.

Usiku huo nilikaa nikijiuliza mambo yanayonihusu mimi. Dar es Salaam mke wangu hununua unga wa sembe kwa kilo. Hajapata hata siku moja kuletewa kilo moja na robo kwa bei ya kilo moja. Basi ile debe moja na nusu iliyokaa kwenye kilemba cha kila gunia, iliyotoka Mbozi bila kulipwa, huko njiani huingia mahali ikageuka kuwa mali. Sisi tulao ugali mjini hatuifaidi, na dada aliyeilima haifaidi. Mimi ni mtu wa mshahara, nami nimekula mahindi ya lumbesa miaka yote hiyo nikidhani nimeyalipia kwa haki. Niliyalipia, ila si yeye niliyemlipa.

Lugha yetu, ukiitazama vizuri, haikukipenda kikubwa kupita kiasi. Mtu ukimkuza huwa jitu, nyoka huwa joka, na mbwa akiwa jibwa huna hamu ya kumwita. Jumba pekee ndilo lililopata heshima, na hata hilo ukilisema kwa sauti fulani unamaanisha mwenye nalo ana maringo. Muuza duka wa Tunduma aliponiambia kuwa katoni ya Jumbo ina faida kwa mnunuzi, nilikubali bila kuuliza. Baadaye, kwa udadisi tu, tulihesabu biskuti tulizonunua. Sitaeleza tulichokuta, mwenye duka alitupa maji ya kunywa bure, na hakuwa yeye aliyezifunga.

Siku tatu zikapita bila mnunuzi mwingine. Mvua ikanyesha. Jumatatu ilikuwa siku ya kuripoti shuleni, na pamoja na sare kulikuwa na nauli ya kijana, na fundi wa sanduku alikuwa anatudai nusu. Nilitaka kutoa mimi fedha hizo. Dada akaniambia niliyokwisha kutoa yanatosha, na kwamba mtoto atakwenda shule kwa mahindi, si kwa huruma. Jumamosi lori likarudi. Mnunuzi hakujivuna, aliamkia mara mbili kama kwanza. Dada akamwuzia mbili. Lumbesa mbili, zenye vilemba vyake, debe 15 kwa bei ya gunia mbili. Zilizobaki 45 akazifungia ndani, akasema zitakaa hapo mpaka lipatikane lori la kushirikiana na majirani watatu aliowazungumza kanisani, wayapeleke mahindi yao Tunduma kwenye mizani kwa pamoja. Majirani wawili walikuwa wamekubali. Wa tatu alikuwa amekwisha kuuza.

Asubuhi ya Jumatatu tulingoja basi barabarani, mimi nikielekea Mbeya na kijana shuleni kwake. Sanduku la bati lilikuwa katikati yetu. Alikuwa amechukua daftari la mama yake, lile lenye jalada lililochanika, kwa kuwa dada alimpa alimalizie kurasa zilizobaki. Nilimwona akilifungua magotini na kuandika jambo, nikachungulia. Chini ya mstari wa mauzo, kwa mwandiko wake wa shule, alikuwa ameandika: "Jumbo, debe 3."

Basi likaja. Utingo akalipandisha sanduku juu, akatuuliza kama lina uzito gani ili atoze nauli ya mzigo. Mpwa wangu akamwambia alete mizani.